NTA BILA ASALI: Mkoa wa Singida na somo la ufundi

Msafiri atokaye Dodoma kuelekea magharibi huikata mbuga ya Bahi, iliyolala bapa kama sinia, na kwa muda mrefu haoni mbele yake ila vichaka vya miiba na ng'ombe wanaotafuta maji. Halafu, ghafla, nchi husimama. Mbele yake huinuka ukuta wa Bonde la Ufa, na barabara haina budi kuupanda. Reli ya Kati nayo huupanda kutoka stesheni ya Saranda, ikizunguka pole pole kama mzee apandaye ngazi. Wajerumani waliifikisha reli hiyo Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na wahandisi wao walilazimika kuutafutia ukuta huo njia, maana garimoshi haliwezi kuparamia mlima kama aparamiavyo mbuzi. Juu ya ukuta hewa hupoa, upepo huongezeka, na msafiri huambiwa kwamba ameingia Manyoni, mlango wa Mkoa wa Singida.

Singida inajulikana nchini kote kwa kuku wake wa kienyeji, kwa alizeti, kwa vitunguu, kwa asali na kwa upepo usiochoka. Ni mkoa mpana, wenye kilomita za mraba zipatazo 49,000, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu ndani yake watu zaidi ya milioni 2: Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wagogo, Wakimbu, Wataturu, Wahadzabe na wengine wengi waliohamia. Wapo waliousifu kwa mawe yake na maziwa yake. Leo, ndugu msomaji, tuupite kwa jicho jingine: jicho la mzazi mwenye mtoto aliye karibu kuingia sekondari.

Maana mzazi huyo yumo katika shauri zito. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023 lililozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imeigawa elimu ya sekondari katika mikondo miwili: mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Katika mkondo huu wa pili mtoto hujifunza masomo ya darasani pamoja na stadi ya kazi, kama vile ujenzi, umeme, mitambo, kilimo au ushonaji. Na katika nyumba nyingi swali huulizwa kwa sauti ya chini: "Kwa nini wangu apelekwe kwenye nyundo? Kwani ameshindwa nini?"

Swali hilo ni la zamani kuliko sera yenyewe. Wahenga walikwisha kulijibu waliposema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Lakini methali peke yake haimtoi mzazi wasiwasi. Afadhali tutembee, tuone kama Singida yenyewe ina la kumwambia.

MILIMITA 32

Magharibi ya Manyoni, kuelekea Itigi, nchi imefunikwa na vichaka vilivyosongamana hata mtu hawezi kupenya bila panga. Wataalamu wa mimea duniani huviita kwa jina la Itigi, na mfano wake hupatikana mahali pachache sana, kama vile Sumbu katika Zambia. Ndani ya vichaka hivyo na misitu inayovizunguka wanaishi nyuki, na watu wa huku wamerina asali tangu enzi za mababu. Mzinga wao wa asili ni gogo lililokombwa ndani na kutundikwa mtini. Ni chombo chema, lakini mrinaji hana budi kukata masega ili aitoe asali, na mara nyingi majana hufa pamoja na moshi.

Mzinga wa kisasa wa viunzi vya juu ni sanduku tu la mbao, lenye vijiti vilivyopangwa sambamba juu yake, na kila kijiti nyuki hujenga sega moja likining'inia. Mtu akiutazama haraka atadhani fundi yeyote anaweza kuupigilia misumari. La hasha! Kwa nyuki wetu wa Afrika upana wa kila kijiti sharti uwe milimita 32, kwa kuwa huo ndio umbali ambao nyuki mwenyewe huuacha toka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine. Seremala akizidisha milimita chache, nyuki hawatamfuata. Watajenga masega ya kukingama kutoka kijiti hiki hadi kile, na siku ya kurina, mwenye mzinga akiinua kimoja atararua viwili. Asali itamwagika, na lawama ataipata nyuki.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo somo la ufundi linapoachana na kupigapiga nyundo. Kijana aliyefundishwa kuranda kijiti hadi milimita 32 amejifunza kipimo, amejifunza tabia ya kiumbe, na amejifunza kwamba kosa dogo la mkono huzaa hasara kubwa mwituni. Mwalimu wa useremala anayewapa wanafunzi wake kutengeneza stuli ishirini amewapa kazi. Anayewapa kutengeneza mizinga, kisha akawapeleka kuitundika na kurudi miezi michache baadaye kuona nyuki wamesema nini, amewapa elimu.

NYUMBA INAYOBEBWA NA NGUZO

Kutoka Manyoni barabara huelekea kaskazini, ikapita Issuna na Ikungi. Mabati yameenea siku hizi, lakini tembe bado zipo, na yafaa tusizipite kwa dharau. Tembe ya Wanyaturu na Wagogo ni nyumba ya paa bapa lililofunikwa kwa udongo. Msafiri wa mjini huiona ya kimaskini. Mhandisi huona jambo jingine.

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 3, chenye udongo wa unene wa sentimita 20 juu ya paa. Huo ni udongo wa mita za ujazo 2.4. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu hukaribia tani 1 na nusu. Basi juu ya vichwa vya waliolala kuna tani zipatazo 3 na nusu, nazo huongezeka mvua inyeshapo. Nani anabeba mzigo huo? Si ukuta. Ni nguzo zenye panda, ambazo juu yake hulazwa boriti, na juu ya boriti fito. Ukuta wa miti na udongo ni pazia tu la kuzuia upepo na fisi. Sasa nenda Dar es Salaam ukatazame ghorofa linalojengwa: nguzo na boriti za zege husimama kwanza, kuta hujazwa baadaye. Kanuni ni ile ile. Aidha udongo mnene huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza, ndiyo maana tembe hupoa mchana na hustiri baridi usiku, jambo ambalo bati haliwezi.

Mtoto wa Ikungi anayefika sekondari na kuambiwa achore nguzo na boriti, bila mtu kumkumbusha kwamba alilala chini yake miaka yote ya utoto wake, huliona somo hilo kuwa geni. Hulikariri, hulijibu katika mtihani, na hulisahau. Tembe ina maadui wake, mchwa na mvua ndefu, na maadui hao hutosha kuwa kazi ya darasa kwa mwaka mzima: mti gani haulikwi, udongo uchanganywe na nini, maji yaondokeje juu ya paa.

UPEPO HAUULIZI

Singida mjini miamba ya itale imerundikana kama vile jitu lililikuwa likicheza bao likaondoka bila kuokota kete. Katikati ya miamba hiyo yamelala maziwa ya Singidani na Kindai, yenye maji ya chumvi, ambako ndege hutua kwa makundi. Na juu ya yote huvuma upepo, mchana na usiku, hasa wakati wa kiangazi.

Upepo huo umezungumzwa sana. Mipango ya kuufanya uzalishe umeme imeandikwa tangu miaka ya mwanzo ya karne hii, lakini mitambo ya upepo ya kwanza kulisha umeme wa kuuza nchini ilisimama kwingine, Mufindi katika Mkoa wa Iringa, mwaka 2020. Hata hivyo mwanafunzi hahitaji kungoja mitambo mikubwa ili ajifunze. Nguvu iliyomo katika upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake: upepo ukienda mara 2, nguvu huwa mara 8. Ndiyo sababu mtu mwenye akili hupima kwanza kabla ya kusimamisha mnara, maana kilima kimoja kinaweza kukizidi kingine mbali sana. Darasa lenye kipima upepo kilichoundwa kwa vikombe vinne na ekseli ya baiskeli, likaandika hesabu za kila siku kwa mwaka mzima, litakuwa na kitabu cha thamani kwa mji wake.

Wakati huo huo, kazi kubwa zimeukuta mkoa huu. Njia ya umeme ya kilovolti 400 itokayo Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, yenye kilomita 670, imepita hapa. Nyingine imetoka Singida kwenda Namanga kuungana na Kenya. Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, njia yake imekatiza mkoani. Reli mpya ya kisasa nayo imepangiwa kupita Manyoni na Itigi kuelekea Tabora. Kazi hizi haziulizi kijana ametoka kabila gani wala kijiji gani. Huuliza jambo moja tu: unajua nini? Asiyejua kuchomelea, kusoma mchoro wala kuunganisha nyaya hupewa sepetu mchana na lindo usiku, na kazi ikisogea mbele humwacha pale pale ilipomkuta.

SHULE ZILIZOKUWA MBALI

Twapaswa kusema kweli juu ya historia. Shule ya kazi za mikono ya Ifunda ilifunguliwa mwaka 1951, ya Moshi mwaka 1957, nazo baadaye zikawa sekondari za ufundi. Zikaungana na nyingine: Tanga, Mtwara, Musoma, Bwiru na Iyunga. Majina hayo yaliheshimika, na waliotoka humo walikwenda Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam, na baada ya mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu. Lakini mtazame ramani. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa Singida. Mtoto wa Kiomboi aliyepata bahati ya kuchaguliwa alifunga sanduku lake, akapanda basi, na ujuzi alioupata aghalabu ulimpeleka mbali zaidi, si kumrudisha. Tena nyingi za shule hizo zilianza kwa ajili ya wavulana, basi dada yake hakuwa hata na sanduku la kufunga.

Si kwamba nchi haikujaribu kuusogeza ufundi karibu. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967. Azimio la Musoma likafuata mwaka 1974. Sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Vituo vya ufundi vikafunguliwa kando ya shule za msingi, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vikaenea mikoani, Singida ikapata chake mjini na kingine Msingi. Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973, na mwaka 1994 ikaja Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ambayo ina chuo chake Singida.

Kwa nini basi mzazi bado anaogopa nyundo? Kwa sababu aliona mambo yalivyokwenda. Katika shule nyingi nchini mchepuo ulibaki kuwa neno kwenye kibao cha langoni. Mashine zilikuja zikaharibika, vipuri havikuja. Wanafunzi arobaini walizunguka jiriwa moja. Shamba la shule likageuka mahali pa kupelekwa wakosaji, hata jembe likanuka adhabu. Na katika jamii ngazi ya ujuzi ilitazamwa vibaya: kuna fundi mchundo, kuna fundi sanifu, kuna mhandisi, na kila mmoja anamhitaji mwenzake kama vidole vya mkono, lakini sisi tulimheshimu wa juu peke yake, tukasahau kwamba mchoro wa mhandisi haujawahi kujijenga wenyewe.

MAFUTA NA MAJI

Katika msimu wa alizeti, mashamba ya Iramba, Mkalama na Ikungi hugeuka manjano mpaka upeo wa macho. Hapa kuna hadithi ambayo kila mwanafunzi wa ufundi mkoani angepaswa kuijua. Katikati ya miaka ya 1980, Mmarekani Carl Bielenberg, akifanya kazi Arusha, alibuni kinu cha mkono cha kukamulia mafuta. Kilikuwa wenzo mrefu wa chuma unaosukuma pistoni ndani ya silinda yenye matundu. Mbegu zikiminywa, mafuta hutiririka na mashudu hutoka mbele. Uzuri wake haukuwa nguvu peke yake, ila kwamba karakana za kawaida za Tanzania ziliweza kukitengeneza na kukikarabati. Waliokitumia walijifunza kuzianika mbegu juani kwanza, kwa kuwa mbegu yenye joto hutoa mafuta kwa urahisi, na kuchagua mbegu za ganda laini, kwa kuwa ganda gumu hula nguvu za mkono bure.

Leo mashine za umeme zimeenea, nazo hukamua kwa parafujo kubwa inayozunguka ndani ya mfuko wa chuma. Parafujo hiyo husagika. Ikisagika, mafuta hubaki ndani ya mashudu, na mkulima aliyeleta gunia lake huondoka na madumu pungufu bila kujua kwa nini. Anayeweza kuipima, kuijazia chuma kwa kuchomelea na kuichonga upya, huyo anashika funguo ya kipato cha vijiji vingi.

Ndivyo yalivyo maji. Singida ni nchi kavu, na kazi ya kuyatafuta imewaelemea zaidi wanawake na watoto. Bomba la mkono la kijijini mara nyingi haliharibiki kwa jambo kubwa. Huharibika kwa kikombe kidogo cha mpira kilicholika, kifaa ambacho mtu hukificha kiganjani. Kikilika, maji hayapandi. Kina mama hurudi kwenye dimbwi, na fundi husubiriwa kutoka mbali. Binti wa kidato cha tatu mwenye supana na mafunzo ya wiki chache angelimaliza jambo hilo kabla ya chakula cha mchana. Atakayesema kwamba supana si ya mkono wa kike na aulize kwanza ni mkono wa nani ulioinua ndoo miaka yote hii.

Tena baadhi ya visima vya mkoa huu vina madini ya fluoridi kupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ndiyo maana meno ya watu wengi yana madoa ya kahawia. Kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya utafiti wa miaka mingi juu ya kuichuja fluoridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na Singida, mkoa wa wafugaji, haijakosa mifupa. Kemia, uashi wa tangi na ufundi bomba vinakutana katika pipa moja.

DHAHABU YA SEKENKE

Barabara ya kwenda Nzega hupita Misigiri, kisha huteremka mlima Sekenke kuelekea Shelui na uwanda wa Wembere. Hapa Sekenke Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita ilipowatenga na Ulaya, wakakosa fedha za kuendeshea serikali yao, waliichukua dhahabu ya Sekenke wakaipeleka karibu na Tabora, na ndani ya karakana ya reli, mwaka 1916, wakaipiga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo aliyeinua mkonga, na milima nyuma yake. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000. Leo ni hazina za wakusanyaji wa sarafu katika nchi za mbali.

Iliyochimbwa ilikuwa ya Singida. Waliotoa jasho wengi walikuwa wa hapa. Lakini karakana ilikuwa kwingine, na ujuzi wa kuigeuza dhahabu kuwa fedha haukuachwa mlimani. Vivyo hivyo miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kwenda kaskazini hadi Kinyangiri, na lilipokosa faida wakaling'oa katika miaka ya 1940; tawi la Singida tulilo nalo lilijengwa baada ya Uhuru. Kitu kilicholetwa bila ujuzi wa kukitunza huweza kuondolewa, na wenyeji wakabaki kuonyesha tu mahali kilipokuwa.

Kwa hiyo mzazi wa Singida asiulize kama mkondo wa amali ni wa walioshindwa. Swali hilo halimsaidii mtoto. Na aende shuleni, siku ya mkutano wa wazazi, asimame na kuuliza mengine. Karakana ina jiriwa ngapi, na wanafunzi ni wangapi? Mwalimu wa ufundi ni nani, na amewahi kula kwa jasho la ufundi huo? Mashine ikiharibika, nani ataitengeneza, na kwa fedha ipi? Mabinti wako wangapi katika darasa la umeme? Na vitu vinavyotengenezwa na wanafunzi, mzinga, dawati, tangi la maji, viko wapi sasa, na nani anavitumia?

Majibu yakiwa mema, amwandikishe mtoto kwa moyo mweupe. Majibu yakiwa mabaya, asimwondoe haraka. Awaite wazazi wenzake, diwani wao, na mafundi wa mtaani wanaojua kutumia timazi na pimamaji, wakae na mkuu wa shule mpaka karakana ipate mlango unaofunguka kila siku. Kibao cha langoni tulikwisha kuwa nacho.